Gari Halijafika, Mama Yangu Ameshahamishiwa Jikoni

Aliyetuandikia ni mama wa kijiji kimoja mkoani Singida. Jina lake tunalo, ila ameomba tulifiche, nasi tumelificha. Maneno ni yake mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nina watoto wanne, na tunaishi katika kijiji cha ujamaa kisicho mbali na Mkiwa. Mume wangu anafanya biashara ya kuku na vitunguu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kuandika nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na naandika nina hasira. Nikikosa adabu mtanisamehe.

Ni zaidi ya mwaka sasa mume wangu anasubiri gari. Si gari kuukuu la kuazima, ni pikapu mpya kabisa aliyoiagiza kupitia kwa mwenye duka mmoja wa Singida mjini. Aliuza ng'ombe wetu karibu wote. Hawakutosha, akamwendea mama yangu mzazi, akachuchumaa mbele yake, akasema, "Mama, nisaidie wale wako wawili. Gari likija, wewe ndiye wa kwanza kulipanda. Nitakuwa nakupeleka hospitali." Mama ana kifua kibaya. Akampa.

Mama yuko kwetu tangu tulipohamia kijijini, maana nyumba yake aliiacha kule tulikotoka. Tulimpa chumba cha mbele katika nyumba yetu ya tembe, chumba kikavu, chenye hewa. Basi baada ya mavuno mume wangu akaenda mjini na kamba ya kufungia ng'ombe. Akapima gari analoendesha yule mwenye duka, la aina ileile, urefu na upana, akapiga mafundo. Aliporudi akaanza kupima tembe zima kwa kamba ile, na chumba kilichotosha kikawa cha mama.

"Gari jipya halilali nje," akasema. "Watu wana macho."

"Na mama alale wapi?"

"Mzee anahitaji moto. Jikoni kuna moto."

Mkwe huyo! Kwetu mkwe unampisha njia, hata kumtazama usoni unaona haya, na huyu amemtoa kitandani akampeleka kwenye moshi. Kila asubuhi anampa shikamoo akiwa amesimama nje, ili moshi usimwingie machoni. Mama akikohoa, yeye anasema anaharibiwa bahati.

Ukuta wa mbele akaubomoa ili gari lipite, akang'oa na nguzo ya katikati. Paa likabonyea. Ikabidi asimamishe mti mwingine palepale nguzo ilipokuwa, kwa hiyo gari likija hata sijui litaingilia wapi. Ukimwambia anakuja juu. Kazi yake ni kukifagia kile chumba kitupu asubuhi na jioni, na mtoto akikanyaga humo anachapwa. Majirani wananicheka kisimani, wananiuliza gari limeamkaje.

Sasa nieleze kosa langu. Mume wangu hajui kusoma. Kisomo kilipoanza alikicheka, akasema ni mahali pa wanawake kukwepea jembe. Kwa hiyo barua zote namsomea mimi. Wiki mbili zilizopita ilikuja barua ya mwenye duka. Nilikuwa mlangoni mwa jikoni, mama anakohoa nyuma yangu. Nikaisoma kimoyomoyo kwanza. Ilisema gari limefika, aende kulichukua kabla ya mwisho wa mwezi ujao, akichelewa litakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Nikafungua mdomo, nikasoma kwa sauti: "Gari bado. Subiri. Usije mjini mpaka nikuite."

Akasema, "Haya." Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akachukua ufagio.

Sikujuta. Nisiwadanganye, nilifurahi kumwona anafagia. Nilimweleza mama peke yake. Alicheka mpaka kifua kikambana, akasema, "Mwache afagie." Kisha akaniuliza, "Lakini ng'ombe wangu, mwanangu?"

Swali hilo ndilo linaloninyima raha. Nikisema kweli, gari linakuja na mama anabaki jikoni, maana ahadi ya hospitali mume wangu haitaji tena. Nikinyamaza, gari linakwenda kwa mtu mwingine, na ng'ombe wa mama wameuzwa ili tupate chumba kisicho na ukuta.

Nilidhani nina muda wa kufikiri. Juzi mume wangu amerudi na daftari na penseli. Akaketi mkekani mbele yangu, yeye aliyecheka kisomo, akasema, "Mama watoto, nifundishe kusoma. Siwezi kuwa na gari halafu karatasi zake nisomewe na mwanamke." Akaitoa ile barua mfukoni, imechakaa kwa kukunjwa, akaitandaza gotini.

"Tuanze na hii," akasema, "maana yake naijua tayari."

Nilimwambia lazima aanze na a, e, i, o, u. Akazishika siku ileile. Jana ameweka kidole kwenye barua akasoma mwenyewe, "ga-ri," akacheka kwa furaha. Neno linalofuata ni "limefika".

Ndugu wasomaji, nishaurini upesi, nifanye nini? Jioni ya leo ananisubiri na daftari lake.