Uzi wa Mkonge na Tikiti la Siri

Miezi saba tumbo langu lilikataa kila kitu isipokuwa tikiti. Nasema kila kitu, na sitii chumvi. Ugali niliutapika, chai niliitapika, hata maji ya mtungi yalirudi kabla sijaweka kikombe chini. Vitunguu vya jirani vikikaangwa, mimi nilikuwa tayari nimeinama nyuma ya nyumba. Lakini kipande cha tikiti kilichokaa kivulini tangu asubuhi kilishuka na kikatulia. Nilikuwa nakila nimefumba macho, maji yakinichuruzika hadi viwikoni, na kwa muda wa nusu saa hivi nilijisikia mtu tena.

Tikiti halikuwa mbali na mimi. Nina kibanda pale Miasenyi, kando ya barabara kuu, malori yanaposimama madereva wakanyooshe miguu. Matikiti yangu hutoka Taveta, na katika kazi hiyo sidanganyiki: natazama lile doa la manjano lilipolalia udongo, nagonga kwa kifundo cha kidole, basi. Wateja walinitania kwamba nakula mtaji. Niliwajibu kwamba anayekula si mimi.

Kabla ya mimba hiyo nilikuwa nimepoteza nyingine, ya miezi mitano. Kila aliyekuja kunipa pole alikuja na sababu yake. Mmoja alisema nilibeba matikiti mazito. Mwingine akasema nilisimama juani kupita kiasi. Mwingine alinong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba wasichana wa huku chini hawajui kulea mimba. Hakuna sababu hata moja ambayo haikuwa kosa langu. Kwa hiyo nilipopata mimba ya pili nilijiapia: huyu simpotezi, na hata nikimpoteza, isije ikasemwa ni mimi. Niliviapa kwa pumzi moja, nikavidhania kiapo kimoja. Vilikuwa viwili, na sikujua vingekuja kugombana.

Mama mkwe alishuka kutoka Mghange, kule milimani, mimba ilipofika mwezi wa sita. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu, na mama yake hakutaka nibaki peke yangu. Alikuja na maharagwe, viazi na mihogo, na kikapu alichokuwa anakisuka, nyuzi za mkonge zikining'inia. Nataka ieleweke kwamba hakuwa mwanamke mbaya. Alifua nguo zangu. Alinisugua mgongo. Joto la Miasenyi lilimtesa, alikuwa akijipepea kwa upindo wa leso siku nzima, na hakulalamika hata mara moja. Kila siku alinipondea kimanga, kile cha kwao cha mihogo na maharagwe, akakilainisha kama cha mtoto. Nilikula vijiko vitatu kwa heshima yake, kikarudi. Aliosha beseni, akapika tena kesho yake.

Tikiti ndilo hakulielewa.

"Hii ni chakula ya kunywa ama ya kula?" aliniuliza siku ya kwanza, akikigeuzageuza kipande mkononi. Hakukionja.

Halafu miguu yangu ikaanza kuvimba. Viatu vilikataa kuingia. Aliona kabla sijaona mimi.

"Si nilikuambia? Hii maji yote unakula, ulifikiri inaenda wapi?"

Akachomoa uzi mmoja wa mkonge kwenye kikapu chake, akanikalisha kwenye kigoda mlangoni, akaufunga juu kidogo ya kifundo changu cha mguu. Akapitisha kidole cha shahada kati ya uzi na ngozi. Kilipita kwa shida. Akaniambia hivyo ndivyo mama yake alivyompima yeye, na nyanya yake alivyompima mama yake. Uzi utabaki hapo mchana na usiku, na kila asubuhi tutapima. Kidole kikipita, maji yanashuka. Kisipopita, basi nimekula tikiti. Na kuanzia siku ile tikiti likawa mwiko nyumbani mwangu, wakati nje ya dirisha langu yamepangwa mlima mzima.

Nilijikaza siku tatu. Nilitapika hadi kikawa kinatoka kile kichungu cha manjano, halafu kikawa hakitoki chochote. Siku ya nne sikuweza kusimama bila kushika ukuta. Mtoto alikuwa hachezi sana. Nilimwambia Mungu wazi kwamba sielewi: nikila namuua kwa maji, nisipokula namuua kwa njaa, sasa anataka nifanye nini? Adhuhuri ile mama mkwe alikwenda kwenye maombi ya akina mama. Nililipasua tikiti nyuma ya kibanda, nikalila nusu kwa mkono, nimepiga magoti, nikilia. Mtoto akacheza. Nilimsikia akijigeuza, nikacheka peke yangu na mdomo umejaa.

Asubuhi niliamka nikatazama mguu. Uzi ulikuwa umezama kwenye nyama. Mama mkwe alikuwa jikoni akiwasha makaa. Sikufikiri sana. Nililifungua lile fundo, nikaulegeza uzi, nikafunga tena.

Alipokuja na kidole chake, kilipita bila taabu. Akainua mikono yote miwili.

"Asante Mungu! Umeona sasa? Umeona?"

Alifurahi mno. Laiti angenung'unika, pengine ningesema ukweli palepale.

Nikaendelea hivyo wiki mbili. Tikiti nililificha chini ya kitanda, ndani ya karai, limefunikwa leso mbichi, na maganda nikawapa mbuzi wa jirani. Kila asubuhi nililegeza, kila asubuhi kidole kikapita, na kila siku miguu ikawa minene zaidi. Nikavaa dera refu na soksi. Nilipobonyeza muundi kwa kidole, shimo lilibaki. Siku ya kliniki ikafika, iliandikwa kwenye kijitabu changu, na nilijua wazi kwa nini sitaki kwenda. Niliogopa muuguzi atazame miguu ile mbele ya mama mkwe na aseme: wewe, umekula nini?

"Mama, si maji imeshuka?" nilimwambia. "Nitaenda wiki ijayo."

Alinitazama usoni, kisha akatazama dera langu chini.

"Haya," akasema.

Ndipo kichwa kikaanza kuuma, hapa mbele, juu ya macho, maumivu ambayo dawa ya dukani haikuyagusa. Baadaye nikawa naona vimulimuli, kama jua linavyopiga kwenye mabati mapya, hata nikiwa ndani. Niliogopa kweli sasa. Niliacha tikiti kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu. Siku mbili sikuligusa. Nilimwahidi Mungu sitalila tena maisha yangu yote, nitauza nyanya, nitauza mkaa, ilimradi miguu ipungue. Haikupungua. Siku ya nne ya kichwa hicho nilikuwa namkatia dereva kipande, nikaona visu viwili mkononi mwangu. Nikaita, "Mama!" Kisha nikajikuta nimekaa chini kati ya matikiti.

Mama mkwe alisimama katikati ya barabara, yeye mwenyewe, leso mkononi, hadi mfanyabiashara mmoja wa vitunguu akasimamisha pikapu yake. Nilisafirishwa hadi Voi nimelalia magunia. Harufu ya vitunguu ilikuwa kila mahali na sikutapika, kwa kuwa hapakuwa na cha kutapika.

Hospitalini muuguzi alinipima presha. Akapima tena mkono wa pili. Hakusema namba, ila alimwita mwenzake kwa jina, haraka.

"Miguu imevimba tangu lini?"

"Ilikuwa inapungua, sista," mama mkwe akajibu kabla yangu. "Mimi mwenyewe napima kila asubuhi na huu uzi. Leo tu ndiyo imerudi."

Muuguzi alianza kuandika. Nilimwona akiandika. Kalamu ile ilikuwa inaandika uongo wangu, na mtoto wangu alikuwa ndani ya uongo huo.

"Haikupungua," nikasema. "Nilikuwa nalegeza uzi. Ni wiki mbili sasa. Na kichwa ni siku nne. Ni tikiti, sista, nilikuwa nakula tikiti kwa siri."

Muuguzi aliinua macho.

"Tikiti? Nani alikuambia ni tikiti? Hii ni presha ya mimba. Ungekula tikiti, usingekula, ingekuja tu. Ulitakiwa kuja hapa siku ya kwanza uliona miguu."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alitoka kwenda kumwita daktari, tukabaki wawili, mimi kitandani na mama mkwe kwenye kiti cha plastiki. Nikangoja anitukane. Alikuwa anautazama mguu wangu.

"Fundo langu mimi huwa napitisha mara mbili," akasema. "Lako lilikuwa moja."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilimgeukia.

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Asubuhi ya pili."

"Mbona hukusema?"

Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu.

"Kidole kilikuwa kinapita," akasema. "Nilitaka tu kipite."

Walinipasua mchana uleule. Alikuwa msichana. Alilia mara moja, kwa kifupi, nikamsikia, na hilo hakuna atakayeninyang'anya. Walimweka kwenye chumba cha joto na mirija. Niliendeshwa kwa kiti cha magurudumu nikamwone: alikuwa na vidole virefu vya baba yake, na kwenye kifundo cha mguu walimfunga utepe wenye namba ya kitanda changu. Utepe ulikuwa umelegea sana. Kidole changu kingepita, na kingine, na kingine. Kesho yake adhuhuri aliacha kupumua.

Mume wangu alikuja, akaelezwa ni presha. Watu wa nyumbani wakaelezwa ni presha. Majirani waliopita kunipa pole walisema presha ni kitu kibaya, haina dawa ya kienyeji. Safari hii hakuna aliyesema ni mimi. Kile kiapo kimoja nilikitimiza.

Siku ya tatu mama mkwe aliingia wodini na mabakuli mawili. La kwanza lilikuwa na tikiti. Alikuwa amelikata vizuri, vipande vidogo, ametoa mbegu zote moja moja. Sijui alilipata wapi pale Voi. Kwa rangi niliona halijaiva sawasawa, maana hajui kuchagua.

"Kula, mwanangu," akasema. "Haikuwa na makosa."

Nilijaribu. Nilitia kipande mdomoni nikakiona ni maji tu, hayana ladha wala maana. Nikauliza bakuli la pili lina nini. Ni kimanga, akasema, alikipikia kwa mtu anayemjua hapo mjini, alikileta tu kwa mazoea, hakutarajia nikile.

Nilikila. Kijiko cha tatu kilipita, cha nne kikapita, nikala kama mtu aliyetoka jela, hadi nikakwangua bakuli. Kisha kwa mazoea nikalivuta beseni kutoka chini ya kitanda, nikaliweka mapajani, nikainamisha kichwa. Mama mkwe akasogea, akanishika mgongo kama alivyozoea. Tukangoja, yeye na mimi, tukilitazama lile beseni tupu.

Hakikurudi.