Uso wa Anselmi Ndani ya Gunia la Saba

Anselmi ameniua mara tatu. Mara ya kwanza kwa panga, ya pili kwa jembe, na ya tatu sijui hasa kwa kitu gani, maana kamera ilikuwa inaangalia mbuzi. Ndivyo zilivyo filamu za Gunia, ambazo Brayan, mpiga picha za harusi wa hapa Babati, amezitengeneza kwa miaka tisa. Waigizaji tupo wachache, kwa hiyo ukifa sehemu ya pili unafufuka sehemu ya nne ukiwa umevaa kofia, na watazamaji wanakuvumilia.

Lakini muuaji ni mmoja tu. Anavaa gunia la mahindi lenye matundu mawili, hasemi neno, anatembea taratibu. Watoto wa mtaa wetu wa Nangara wanamwogopa hata mchana. Wangejua! Ndani ya gunia yumo Anselmi muuza maziwa, ambaye kuku wake wa Krismasi huniletea mimi, Twalha, nimchinje, halafu yeye anageukia ukutani.

Tatizo ni kwamba katika sehemu zote sita uso wake haujaonekana hata sekunde moja. Kila asubuhi anapita Sigino kwa mama yake kuchukua maziwa, na kila akigusia filamu, mama anamkata.

"Hata mimi naweza kusema niko ndani ya gunia."

Jambo hilo lilimuuma sana. Kwa hiyo Brayan alipotangaza Gunia la Saba, la mwisho kabisa (la tano nalo lilikuwa la mwisho), Anselmi alitoa sharti moja: safari hii avuliwe gunia. Brayan akakubali. Filamu ilipokamilika, Jumamosi mchana ya kuionyesha, Anselmi akamleta mama yake kwenye ukumbi wa Bonga, ambao tulikuwa tumeziba madirisha yake kwa maturubai, akamkalisha mstari wa mbele. Alikuwa amenyoa ndevu na kupiga pasi mpaka soksi. Mimi nilikaa nyuma yao.

Nusu saa ya kwanza, jamani, ilikuwa moto! Watu walipiga mayowe, mama mmoja akarusha kiatu. Kisha filamu ikaanza kuyumba. Teodori, mwigizaji mwenzetu, akakatwa mkono wa kulia, na dakika mbili baadaye akawa anautumia kula mahindi ya kuchoma. Damu ilikuwa juisi nyekundu ya rozela yenye sukari nyingi, nyuki wakaifuata, tukamwona muuaji wetu wa kutisha akikimbizwa na nyuki shamba zima, na Brayan hakukikata kipande hicho. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Anselmi peke yake hakucheka, alikuwa anangoja uso wake.

Wakati ukafika. Polisi wakamwangusha muuaji shambani, wakalishika gunia, wakalivuta. Giza tupu. Siku walipopiga picha ile jua lilikuwa limeshazama, na Brayan hakuwa na taa. Kilichoonekana ni kitu cheusi mbele ya kitu kingine cheusi.

"Ndiye wewe huyo?" mama akauliza.

Niliona mabega ya Anselmi yakishuka, na kicheko changu kikakatika. Miaka tisa anavuja jasho kwenye gunia, halafu anaambulia hivi! Nilitamani kumpiga Brayan makofi.

Tulikuwa tunainuka kwenda zetu, muuaji akarudi. Mzima, na gunia kichwani! Brayan alikuwa amechanganya vipande, cha katikati akakiweka mwisho. Tukaketi tena. Muuaji akasukuma mlango wa nyumba ya bibi mmoja, akainua panga. Bibi, ambaye aliigizwa na Mwalimu Xaveria aliyemfundisha Anselmi darasa la pili, akageuka na kumtazama. Panga likabaki hewani. Muuaji akalihamishia mkono wa kushoto, akainama kidogo.

"Shikamoo," akasema, kwa ile sauti nene ya upole anayopigia hodi kwa mama yake kila asubuhi.

Mwalimu Xaveria hakupata nafasi ya kufungua mdomo. Kutoka mstari wa mbele mtu akaitikia kwa nguvu, bila kufikiri, kama anavyoitikia kila siku akiwa jikoni.

"Marahaba, baba! Pita ndani!"

Kisha Mama Anselmi akajiziba mdomo. Akamgeukia mwanawe, akamshika uso kwa mikono miwili, na ukumbi mzima ukasimama ili umwone.