Mbwa wa Bibi na Kona za Mgeta

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, serikali ilikuwa imeshaacha kutupangia kazi. Nilirudi nyumbani, Bigwa, na shahada yangu na mdomo usiochoka kuuliza. Baba naye alikuwa amepunguzwa kiwandani, na kiinua mgongo chake kikageuka pikapu ya Kijapani iliyotumika, ambayo viti vyake alivishonea vitambaa vipya.

Kazi ya kwanza ya pikapu ile ilikuwa kumpeleka mbwa wetu milimani Mgeta, kwa bibi mzaa mama. Ngedere walikuwa wanamaliza maharage yake, naye alishinda shambani akipiga debe kuwafukuza, mguu mmoja umevimba. Shamba ni la ukoo wa mama. Likiachwa, aibu ni ya bibi. Mbwa wetu, jike jekundu mwenye sikio lililochanika, hakuogopa ngedere. Aliogopa gari.

Mara ya kwanza, mama alimshibisha ugali na utumbo, maana kwetu msafiri haondoki na tumbo tupu, na mama hakuona kwa nini mbwa asiwe msafiri. Baba alimnusisha limau. Jirani akashauri tumfunge gazeti tumboni, kama wafanyavyo abiria wa mabasi ili wasitapike.

"Kuna aliyewahi kusafiri bila gazeti akaona tofauti?" nikauliza.

Wakanitazama kama nimetukana. Tulipofika Sangasanga, pale njia ya Mgeta inapoacha lami, ugali wote ulikuwa kwenye kitambaa kipya cha Baba. Gazeti lilikuwa bado limefungwa vizuri kabisa.

Baba akageuza gari. "Akitapika tena, simpandishi. Bibi yako atafute mbwa wa huko huko."

"Nipe muda kidogo, Baba."

"Ufanye nini? Wewe umesomea mahindi."

"Nimwangalie."

"Haya, mtaalamu wa matapishi."

Nikamwangalia. Niliona kwamba anaanza kudondosha mate kabla hata injini haijawaka, mara tu mlango unapofunguliwa. Basi kilichomsumbua hakikuwa mwendo peke yake. Nikawa namlisha ndani ya gari lililosimama, mlango wazi, mpaka akaanza kutangulia kupanda mwenyewe. Kisha nikawasha injini anapokula. Baba alipopiga kelele kuhusu petroli, nikaizima, nikawa naliachia gari literemke polepole mteremko wa kwetu, halafu vijana wa mtaani wananisaidia kulisukuma kurudi juu.

"Msomi, ajira si hiyo umepata!" walinitania. "Dereva wa mbwa!"

Nilicheka nao na kuendelea kusukuma.

Baadaye nikamwomba Baba tumchukue anapokwenda sokoni. Mbwa alikaa sakafuni katikati ya miguu yangu, juu ya gunia la katani ili asiteleze, dirisha likiwa wazi. Siku alipokwenda na kurudi mdomo mkavu, nilimweleza mama bila kuringa. Au niliringa kidogo.

Asubuhi ya safari, vita ikawa na mama.

"Leo hali kitu," nilisema.

"Umpeleke kwa mama yangu na njaa? Akiuliza mbona tumbo limeingia ndani?"

"Mwambie ni mimi. Atakula akifika."

Akaufunga ugali kwenye kitambaa, akanipakatisha.

Baada ya Sangasanga zikaanza kona. Baba alikuwa anamtazama mbwa zaidi kuliko barabara. Katikati ya mlima mbwa akaanza kulamba midomo na kumeza mate.

"Simama, Baba."

"Hapa? Mlimani?"

"Simama."

Akasimama huku akilalamika. Nikamteremsha mbwa, akatembea kando ya njia, akanywa maji kidogo, akapumua. Sikumvuta. Baba alikuwa bado ananung'unika pale mbwa aliporudi mwenyewe, akapanda, akajilaza juu ya gunia lake. Baba akawasha injini. Kuanzia hapo kila kona aliichukua kama aliyebeba mayai.

Tulifika gari likiwa safi. Bibi alikuwa ukingoni mwa shamba, debe mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Ndiyo umeniletea mke mwenza? Mbona amekonda hivi?"

Nilifungua kitambaa. Mbwa hakumaliza ugali. Ngedere walilia migombani, naye akapanda matuta mbio, akibweka kwa sauti ambayo kule Bigwa sikuwahi kuisikia. Bibi alisimama akisikiliza. Kisha akaweka debe chini, akakaa, akaunyoosha ule mguu.

Wakati wa kupakia kabichi za kwenda kuuza sokoni nilimsikia Baba akiwaambia wakulima, "Huyu kijana wangu. Chuo kikuu." Tangu nirudi nyumbani hakuwahi kulisema hilo kwa sauti ile.

Tulishuka jioni, gunia la katani likiwa tupu miguuni pangu. Kwenye kona Baba aliendelea kupunguza mwendo. Sikumkumbusha kwamba tumebaki wawili.