Firigisi ya Daktari wa Jeshi

Binti yangu ni daktari wa jeshi. Vitani ng'ambo ya mpaka alitambaa huku risasi zikilia, akawafunga askari wanne vidonda, na serikali ikampa nishani ya ushujaa. Watatu walipona. Wa nne alimfia mikononi.

Alipokuja likizo hakuivaa nishani hata siku moja. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni chakula. Siku tano mtoto wangu alikunywa chai kavu tu, mashavu yakaingia ndani.

Kila mchana mvua ilitoka upande wa msitu ikitembea polepole, na yeye alikaa mlangoni akiitazama. Nikimtazama sana, nyumba ilikuwa kama inaelea, mahindi ya nje yakapotea kwenye ukungu, na yeye akawa mtoto wa miaka sita mwenye matope miguuni. Nikipepesa macho, ni mwanamke mzima ana mvi.

Siku ya sita nikachinja jogoo. Kwetu firigisi ni ya mwanamume mwenye boma. Mwanamke huipika, haili. Mume wangu alishafariki, kwa hiyo mdogo wake akaja, akanawa mikono, akangoja.

Nikaiweka kwenye sahani ya binti yangu.

"Shemeji, umeanza kuzeeka? Hiyo ni yangu."

"Wewe umewahi kupigiwa risasi?"

"Mimi? Hata nyuki wananikimbizanga."

"Basi kula bawa, unyamaze."

Binti yangu akaisukuma sahani. "Mpe baba mdogo, Mama. Mimi sistahili. Yule mmoja nilimpoteza."

"Sikukuuliza umepoteza nani. Ulimwendea ama hukumwendea?"

"Nilimwendea."

"Basi."

Mvuke wa mchuzi ukapanda kati yetu, mweupe kama ule ukungu, na sauti ya binti yangu ikatokea ndani yake kama ya mtu anayeongea usingizini.

"Alikuwa anamwita mama yake. Hakukuwa na mama pale. Nikamwitikia mimi. Nikamwambia, niko hapa, mwanangu. Akashika kidole changu mpaka akaacha."

Mvua ikaendelea juu ya mabati. Shemeji yangu alivua kofia, akaiweka gotini, kisha akamsogezea binti yangu bakuli lake la mchuzi.

"Kula, mama," akamwambia. "Kitapoa."

Binti yangu akamega obusuma, ugali wetu, akachovya, akala.