Pombe Niliyoiita Siki

Kosa ni langu. Nasema mapema, msije mkaanza kunihurumia kisha mkajuta. Nimemharibu mtu, na nimemharibu kwa ulimi huuhuu nnaojivunia.

Mie ni muuza siki na samli, Ng'ambo. Nilikuja mjini sina hata kofia. Nikabeba magunia ya karafuu forodhani mpaka bega likaota sugu, nikafungua duka langu, hakunipa mtu. Chuoni sikukaa, herufi nimejifunza nina mvi. Lakini ulimi! Tembo la mnazi huletwa kwangu kwa mitungi, naliacha lichache, na mie ndiye ninayesema: bado, bado, sasa limekuwa siki. Nyote mnajua, tembo ni haramu, na likigeuka siki lenyewe huwa halali. Mpaka wa hapo katikati, mtaa mzima uliniachia mimi niulinde. Hata mwalimu wa msikitini alitia siki yangu kwenye achari yake bila kuuliza.

Kulikuwa na Mbelgiji mmoja, mnunuzi wa pembe za ndovu, amepanga nyumba Shangani. Nikimpelekea samli. Siku moja akanikalisha, akatoa chupa nene, kizibo chake kimefungwa waya kama mwizi. Akakizungusha, pu! Povu la rangi ya waridi likapanda.

"Mzee, wewe una ulimi. Onja kitu cha kwetu. Nusa kwanza, usiwe na haraka."

Nikanusa. Lo! Kwanza zizi la mbuzi na majani yaliyolowa. Nikanusa tena, likaja tunda. Nikaonja. Ukali ukanikamata hapa chini ya masikio, ukali wa mbirimbi mbichi. Nyuma yake utamu mdogo, umejificha, hautaki kuonekana. Na mwisho kabisa, kinywa kilipokwisha kukauka, uchungu wa kokwa, kama umetafuna lozi chungu. Mate yakanijaa. Nimeonja vitu vingi, sijapata kuonja kitu chenye vyumba vingi namna ile. Unafungua mlango, unakuta mlango.

"Nini hii?"

"Pombe ya nafaka. Tunaiacha ndani ya mapipa miaka, kisha tunatia matunda madogo mekundu, makali, pamoja na kokwa zake."

Nikamcheka. "Bwana, nyinyi mmeisahau mpaka imeshageuka. Hii siki!"

"Pombe, Mzee."

"Utanifundisha siki mimi?"

Akacheka naye. Alipokuwa anaondoka kwenda bara, akaniachia kasha zima. "Chukua siki yako," akasema.

Nikawa nakunywa kikombe baada ya chakula. Na mtu akipata kitu cha fahari, hakimtoshi mpaka aonwe nacho. Ndipo nikamwita Makame.

Makame, na jina hilo si lake, ni ndugu wa mke wangu, mkwezi wa minazi. Zamani alikuwa mgema, na nusu ya alichogema alikinywa mwenyewe. Akatubu. Na mjue kutubu kwake kulikuwa kazi gani! Mtu mwingine akiacha ulevi hubadili njia, asipite penye walevi. Makame alipanda kulekule juu kila siku, penye vibuyu vya wenzake vimejaa tembo tamu, mkono unafika.

"Shemeji," aliniambia, "kule juu nna majirani wabaya. Naangua nazi nimewapa kisogo."

Hata siki hakuila mpaka mie nimwambie imeshageuka. Hakuamini kinywa chake. Aliamini changu.

Nikamtilia. Akanusa, akarudisha kikombe.

"Shemeji, hiki kina povu."

"Hata sabuni ina povu."

"Kitu hiki nakijua."

"Umekijulia wapi, wewe mla mihogo? Kimetoka Ulaya! Siki ya matunda hiyo. Kunywa, inasafisha damu."

"Niapie."

Nikaapa. Ee Mola wangu, nikaapa!

Akanywa. Hakusifu, hakutema. Akapitisha ulimi juu ya meno, kama mtu anayesikiliza nyayo za mgeni uani. Kisha akanisogezea kikombe bila kunitazama.

"Nitilie tena."

Nywele zilinisimama, wallahi. Na nikamtilia.

Tangu hapo akawa anapita dukani kila alasiri. Haketi, hazungumzi. "Ipo?" "Ipo." Anakunywa wima, anakwenda zake. Siku niliyomwambia kasha limekwisha, nilidhani atasikitika. Akatabasamu. Tabasamu baya, la mtu aliyekwisha kupata pengine.

"Hapana neno, shemeji. Majirani zangu wananikaribisha."

Nikajua. Nikanyamaza! Ningesema nini? Kwamba ulimi wangu umekosea, na mtaa mzima unakula kwa neno langu? Mke wangu akaniuliza, "Kaka yangu ana nini? Macho yake mekundu." Nikamwambia ni jua.

Walimkuta chini ya mnazi, kibuyu kimepasuka pembeni yake, nzi wanagombea tembo.

Matangani wanawake wakanong'ona, na hawakunong'ona chini vya kutosha. "Tauba ya mgema! Ilikuwa ya mdomoni tu." Mke wangu akasikia. Akajivutia kanga usoni. Na mie nipo nje barazani nashikwa mikono, watu wananipa pole: "Ulijitahidi naye, Mzee." Nikaitikia! Nikasema, "Alhamdulillahi, nilijitahidi."

Baadaye nikamwendea mwalimu wa msikitini. Nilimweleza habari yote nikitumaini ataniambia kukosea si dhambi. Aliniuliza neno moja tu.

"Wewe ulipoinywa, kichwa kilikuwaje?"

Hapo ndipo lilipo ungamo langu, jamaa zangu. Yote niliyosema juu yalikuwa njia ya kufika hapa. Siku ileile ya kwanza, kwa yule Mbelgiji, nilishuka ngazi nimeshika ukuta. Adhuhuri nikasali nikapoteza hesabu ya rakaa. Siki haipandi kichwani, mtoto mdogo anajua hilo! Nilijua kabla Makame hajanusa. Lakini ilikuwa nzuri kinywani, na nilishasema ni siki, na mie neno langu sikuzoea kulirudisha.

Mke wangu hajui haya. Kusoma hajui, lakini gazeti hili ninaloliandikia husomwa kwa sauti mabarazani, na maneno huingia majumbani yenyewe. Jina langu sikulitia. Atanijua. Nnakaa nangoja siku atakayorudi kutoka kwa jirani akasimama mlangoni asiniamkie. Na aje. Nataka asikie kwamba kaka yake hakuirudia pombe kwa miguu yake. Aliuliza, akaomba aapiwe, na mumewe akamwapia.

Na nyinyi mnaoaminiwa, wapima samli, waganga, walimu, nyote ambao watu hula na kunywa kwa kauli yenu: siku utakayoona umesema lisilo kweli, lirudishe siku ileile, japo sokoni wakucheke mpaka ufunge duka. Usingoje. Yuko mtu mbele yako ameshika kikombe, anakutazama mdomoni.