Kengele ya Saa Nne na Dakika Kumi

Kengele ya shule ile ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwa mnyororo nje ya ofisi, na kwa miaka kumi na tisa aliyeigonga ni mtu mmoja. Ni mhudumu wa shule, mama wa makamo mwenye mabega mapana, ambaye pia hufagia madarasa saba, hupiga deki ofisi na kujaza maji kwenye mapipa. Watoto humwita Mama Kengele. Mumewe, fundi baiskeli, ana maneno yake: "Huyu ameolewa na rimu. Mimi mpangaji tu."

Katika miaka hiyo yote hakuwahi kukosea saa, mpaka ilipofika mihula miwili iliyopita. Hapo akaanza kukosea kwa makusudi.

Chanzo kilikuwa binti wa darasa la nne mwenye ugonjwa wa kisukari. Kila asubuhi mama yake, fundi wa kushona sare, humchoma sindano ya insulini kabla ya chai, na mtoto huja shuleni na biskuti nne kwenye mfuko wa sketi. Sindano ikishapigwa, haina subira. Chakula kikichelewa, sukari hushuka, mikono hutetemeka, maneno hupotea. Mwalimu mkuu alikuwa ametoa ruhusa: mtoto ale darasani wakati wowote. Ruhusa ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Siku ya kwanza mwalimu wa hesabu alimwambia kwa sauti ya upole, "Kula tu, mwanangu, hakuna anayekuangalia," na vichwa arobaini na sita vikageuka kumwangalia. Kufikia mchana alikuwa na jina jipya: Sindano.

Tangu hapo hakula tena darasani wala hakuomba kutoka nje, maana kutoka nako kulikuwa kutangaza. Wiki ya tatu akaanguka karibu na bomba. Mama Kengele, aliyekuwa akikamua dekio, alimkuta analowa jasho, macho yamefunguka lakini hayaoni vizuri. Akamketisha, akamnywesha maji ya sukari kidogokidogo mpaka rangi ikarudi. Kwenye mfuko wa sketi biskuti zilikuwa nne, kamili.

Mama mtu alikuja jioni ile, tepu ya kushonea bado shingoni, mkononi kile kipimo kidogo cha sukari ya damu.

"Akianguka tena namkalisha nyumbani," alisema. "Shule inaweza kungoja, dada. Damu haingoji."

"Nifundishe hicho kipimo," Mama Kengele akamjibu.

Akafundishwa. Kila asubuhi, kwenye stoo ya mifagio, binti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutoa kidole. Tone la damu, kijiti, namba. Kanuni ya mama ilikuwa fupi: namba ikiwa chini ya saba, mtoto asifikishe saa nne na robo bila kutia kitu tumboni. Mapumziko ni saa nne na dakika ishirini.

"Utakula darasani?" Mama Kengele alimuuliza siku ya kwanza namba ilipokuja ndogo.

"Hapana, bibi."

"Utakuja kula hapa stoo?"

"Watasema Sindano ameenda kudungwa."

"Ukianguka je?"

Binti aliangalia kidole chake. "Wakitoka wote, nitakula. Wakiwa wanakula wote, hakuna anayeniona."

Asubuhi ile kengele ililia saa nne na dakika kumi. Watoto mia tatu na kitu walimwagika uwanjani, na katikati yao mmoja akala biskuti nne bila kutazamwa na mtu. Kabla ya hapo binti alikuwa amemwapisha mtu mzima yule: asimwambie yeyote. Mama Kengele aliapa, naye si mtu wa kuapa ovyo.

Mambo yakaenda hivyo, siku tatu au nne kwa wiki. Aliyeyaona ni mwalimu wa hesabu. Huyu ni mtu wa kunyoosha mambo. Hata chaki huzipanga kwa urefu. Kipindi chake cha tatu kilikuwa kinakatwa mkia, lakini si kila siku, na hilo ndilo lililomnyima raha. Alianza kwa kuishtaki saa ya ofisini. Ikanunuliwa betri mpya. Kisha akaishuku saa yake ya mkononi, akaipeleka kwa fundi, ikarudi na cheti cha usafi. Hatimaye akakaa dirishani na daftari kwa wiki mbili, akaandika, na Ijumaa moja daftari likatua mezani kwa mwalimu mkuu.

"Mara saba," mwalimu mkuu alisoma. "Mama, mara saba ndani ya wiki mbili. Kuna nini?"

"Nilikosea, mwalimu."

"Miaka kumi na tisa hukukosea."

"Macho, mwalimu. Uzee unabisha hodi."

Mwalimu mkuu alifunga daftari. Alijua anadanganywa, ila hakujua kwa nini. Akaamua kama viongozi wanavyoamua wasipojua: chuma cha kugongea kikakabidhiwa kwa mwalimu wa hesabu kuanzia Jumatatu. Mama Kengele akabaki na ufagio. Nyumbani, mumewe alimwona akisukuma sahani pembeni, akaacha utani.

Jumatatu namba ilikuwa tisa. Jumanne ikawa sita na nukta moja.

"Leo utakula darasani," alimwambia binti, akikusanya vijiti.

"Kwani hugongi mapema?"

"Kengele si yangu tena."

Binti alisimama kutoka kwenye ndoo. Kisha, polepole: "Wamekunyang'anya kwa sababu yangu."

"Wameipumzisha mikono yangu. Nenda darasani. Na ule, mjukuu wangu, nakuomba."

Ilipofika saa nne Mama Kengele alikuwa nje ya dirisha la darasa la nne, akifagia mahali alipokwisha kupafagia mara tatu. Mfukoni alikuwa na chupa ya maji ya sukari. Alimwona binti, safu ya pili, mkono ndani ya mfuko wa sketi. Mkono haukutoka. Saa nne na dakika tano. Saa nne na nane. Mama Kengele aliegemeza ufagio ukutani. Kiapo ni kiapo, alijiambia, lakini mtoto hazikwi na kiapo. Akapiga hatua kuuelekea mlango.

Ndipo binti akasimama.

"Mwalimu, ile kengele ya mapema ilikuwa yangu."

Chaki ilisimama ubaoni. "Yako vipi?"

"Sindano ikinishusha sukari kabla ya mapumziko, natakiwa kula. Mimi sitaki kula peke yangu. Basi bibi alikuwa anawatoa wote." Sauti ilikuwa inatetemeka, na vidole pia. "Hajakosea saa. Anaijua."

Mwalimu wa hesabu aliangalia saa yake, kwa mazoea tu. Akaweka chaki chini, akafungua mkoba, akatoa kipande cha mkate kilichofungwa kwenye gazeti.

"Mimi pia njaa hunishika saa hizi," alisema. "Huwa najificha nyuma ya kabati la ofisi. Mwenye kitu atafune. Dakika tatu."

"Na asiye na kitu, mwalimu?" sauti ya nyuma iliuliza.

"Asiye na kitu ana jirani."

Akauma mkate, wa kwanza. Mikoba ikafunguka. Jirani wa binti, yuleyule aliyebuni jina la Sindano, akanyoosha kiganja.

"Nigawie."

"Hizi ni dawa," binti akasema, mdomo umejaa.

"Basi nipe nusu dozi."

Akamvunjia pembe ya biskuti ya mwisho, ndogo kama ukucha.

Wakati wa mapumziko mwalimu wa hesabu alimkuta Mama Kengele kwenye stoo, akamnyooshea kile chuma kwa mikono miwili.

"Saa nne na ishirini," alisema. "Si na kumi na tisa. Yale ya saa nne na kumi niachie mimi, nimeyaandika kwenye ratiba."

"Sawa, mwalimu." Akakipokea, akakifuta kwa upindo wa kanga. "Ila ile saa ya ofisini iko nyuma dakika mbili. Hata na betri yenu mpya."

Mwalimu alipandisha mkono wa shati. Kisha akamgeuzia taratibu saa yake ya mkononi, ili Mama Kengele amwambie kama nayo iko sahihi.