Sauti ya Bi Mwanapili Haitaki Wageni Waondoke

Saa sita mchana Diani, jua liko utosini na lami inang'aa. Ndani ya kasino ni usiku. Madirisha yamezibwa kwa mapazia meusi, ukutani hakuna saa, na adhana ya adhuhuri inayosikika hadi sokoni Ukunda haipiti mlango ule wa kioo.

Bi Mwanapili Abdurahman anapita taratibu kati ya mashine za kamari, kitambaa kibichi mkononi, akifuta alama za vidole. Mbele yake mwanamume mwenye kofia ya kiua anajiinua kitini, kama mtu aliyekumbuka jambo nyumbani kwake.

"Mbona mapema, mwanangu? Kaa kidogo," inasema sauti ya mwanamke mtu mzima, sauti ya upole.

Bi Mwanapili hajafungua kinywa. Maneno yametoka kwenye mashine, lakini sauti ni yake.

Yule mwanamume anaketi tena. "Haya, bibi," anaijibu mashine, na kidole chake kinarudi kwenye kitufe.

Bi Mwanapili, mwenye umri wa miaka sitini na tatu, ni mfanyakazi wa usafi katika kasino hii ambayo gazeti hili halitaitaja jina. Anaishi Mvindeni na mjukuu wake, Yusra, anayesoma sekondari. Mshahara wake ni shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi, na ndio unaomsomesha Yusra.

Anasema sauti yake ilichukuliwa mwaka juzi, zilipoletwa mashine mpya. Zilikuwa zikisema Kiingereza, na wateja wengi wa Kwale walikuwa hawazijali. Siku moja meneja akamsikia akimkaribisha fundi aliyekuja kutengeneza bomba. Akamwita katika chumba cha mafagio, akamshikia simu mdomoni.

"Akaniambia, mama, sema vile mnavyosema nyumbani mgeni akija. Nikasema karibu mwanangu, karibu uketi. Akaniuliza, na mgeni akitaka kwenda je? Nikasema basi si huambiwa mbona mapema, kaa kidogo? Akacheka, akafurahi. Mimi nilidhani ni ya kuwekwa mlangoni, ya kuchekesha wazungu."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Pwani, kila mtu anajua kwamba "mbona mapema" ni adabu tu. Mwenyeji husema, mgeni akaomba ruhusa, mwenyeji akasema ruhusa unayo, kisha akamsindikiza hadi njiani. Mwenyeji asiyesema "kaa kidogo" ataonekana kama anayemfukuza mgeni wake. Na mgeni mwenye malezi hamgeuzii mgongo bibi mzee anayemsemesha.

Mashine ilifundishwa nusu ya adabu. Inajua kuzuia, kusindikiza haijui.

"Mtu ananipita hapa, hanioni," anasema Bi Mwanapili. "Namsalimia, kimya. Anakwenda anakaa, mashine inamkaribisha, anaiambia shikamoo bibi. Mara nyingine nami kwa mazoea husema marahaba, huku nafuta kiti cha nyuma. Basi utamwona anatabasamu. Anadhani bati limemjibu."

Anaposimulia haya, anashika koo lake kwa vidole viwili, kama anayepapasa kuona kama bado kitu kimo.

Chirau, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Kinango, anaijua sauti hiyo vizuri. Kila siku ya mnada alikuwa akiuza mifugo yake, kisha anateremka Diani. Zizi lake sasa limeota majani.

"Mkono uliokuwa ukibonyeza ni wangu, simsingizii mtu," anasema. "Lakini nilikuwa nasimama niondoke. Kweli kabisa nasimama. Naambiwa kaa kidogo, mwanangu. Mamangu alifariki nikiwa mdogo. Wewe ungefanyaje?"

Mke wake, Kahaso, anayechambua mboga kando yake, anaingilia. "Mimi nikikwambia kaa nyumbani ulikuwa husikii. Ungenieleza mapema ningejifungia kwenye kabati nikuite kutoka humo."

Chirau anacheka kidogo, kisha anaacha.

Anakumbuka alasiri ya mwisho. Alikuwa amebakiwa na nauli tu. Bi Mwanapili alikuja nyuma yake, akamgusa bega, akamwambia, "Nenda nyumbani, mwanangu."

Chirau hakugeuka. Aliikazia macho mashine, akaiuliza, "Bibi, mbona leo umebadilisha maneno?"

"Nikarudia," anasema Bi Mwanapili. "Nikamwambia ni mimi, niko huku nyuma. Alipogeuka akanitazama mdomo. Wakati ule ule mashine ikasema karibu uketi. Mdomo wangu umefungwa, nayo inasema. Yule mtu alitoka mbio, akaacha kofia."

Tangu siku hiyo Chirau hajarudi kasinoni. Anasema hata nyumbani, Kahaso akimwita kutoka jikoni, huangalia kwanza sauti inatoka wapi.

Je, kasino ina lawama mtu akishikwa na uraibu wa kamari? Meneja, kijana kutoka bara ambaye hakutaka jina lake litajwe, anasema haina.

"Sisi hatuvuti mtu shati," anasema. "Watoto hawaingii, na mlango uko wazi. Mtu mzima ni mtu mzima. Baa ikiuza pombe na mlevi aanguke kwa mtaro, hiyo ni kosa ya baa? Na hiyo sauti ni salamu tu. Mama alisema mwenyewe, na tulimlipa."

Bi Mwanapili hakatai kwamba alipewa kitu. Alipewa mfuko wa unga na mafuta ya kupikia.

"Lakini neno karibu si la kuchezea," anasema. "Ukishalisema, wewe ni mwenyeji. Mgeni akiumia ndani ya nyumba yako, utatoka nje useme amejiumiza? Wao wanasema karibu, tena kwa kinywa changu. Basi lawama wamebeba, na mimi nimebeba."

Mara kadhaa amekwisha kumwomba meneja aiondoe sauti hiyo. Mara ya mwisho akaambiwa anaweza kuongezewa neno moja: mteja akiishiwa, mashine itasema, "Haya mwanangu, karibu tena kesho." Alikataa.

Kuacha kazi amefikiria pia. "Nikiacha, nitakayetoka ni mimi. Yeye atabaki." Hivyo ndivyo anavyoiita sauti ile: yeye.

Hofu yake kubwa haihusu mshahara. Katika dini yake, mtu akichimba kisima, thawabu humfuata kaburini maadamu watu wanakunywa. Hiyo ndiyo sadaka jaria. Yeye hulala akiwaza kinyume chake.

"Mimi nitakufa," anasema. "Watanisomea hitima, watakula wali, watakwenda zao. Na kule, saa hiyo hiyo, nitakuwa ninaita watoto wa watu wakae kidogo."

Ustadh Luqman, anayesomesha madrasa karibu na nyumbani kwake, anasema alimtuliza alivyoweza. "Alipoitoa ile salamu hakujua, na asiyejua hana dhambi. Ila sasa amejua. Nilimwambia ahangaike mpaka pumzi yake ya mwisho."

Ndivyo anavyofanya. Mashine ikisema "mbona mapema," yeye huweka kitambaa chini, humwendea mteja na kumwambia, "Twende nikusindikize." Wengine humfuata hadi kwenye jua, wakifumba macho. Wengine humwambia anyamaze, anawavurugia bibi yao. Meneja amemwonya kwamba akirudia, aende nyumbani na mafagio yake.

Atarudia, anasema. Na akifukuzwa ana mpango: atapita msikiti kwa msikiti na kwenye vyama vya akina mama, kuanzia Ukunda hadi Msambweni na Lunga Lunga, asimame upande wa wanawake aseme mwenyewe, watu waijue sauti na mwenye sauti. Kwa sasa ana ombi moja kwa gazeti hili.

"Andika hivi. Mimi Mwanapili binti Abdurahman, wa Mvindeni, nimewapa wote ruhusa. Anayetaka kuondoka aondoke, sitaona vibaya. Akinisikia nyuma yake ninamwambia kaa kidogo, asinijibu, na asigeuke."